Mwiba wa mkonge, usaha na saratani: majibu ya wiki hii

Mwiba wa mkonge ulinichoma kidole. Nimeutoa, lakini kimevimba na kinatoa usaha. Kwa nini? (Mkata mkonge, Pongwe)

Pole sana. Anayekivimbisha ni mwili wako mwenyewe. Seli zilizoumia hutoa protini ndogo ziitwazo kemokini. Binadamu tunazo kama 50, na kazi yake kubwa ni kuita. Ukipita Ngamiani jioni, harufu ya samaki wa kukaanga hukuvuta mpaka kwenye karai bila kuitwa kwa jina. Chembe nyeupe za damu nazo hufuata kemokini hivyohivyo, kuelekea pale zilipokolea, zikijipenyeza kwenye kuta za mishipa. Kemokini CXCL8 huita nyutrofili, ambazo ndizo huwahi kufika. Humeza vijidudu na kufia hapohapo. Usaha unaoufuta umejaa maiti zao. Wekundu ukipanda mkononi au ukipata homa, nenda zahanati siku hiyohiyo.

Ni kweli uvimbe usioisha huleta saratani? (Mama, Muheza)

Unaweza. Kidole kikipona, wito hukoma. Balaa ni wito wa miaka. Sisi watu wa pwani tuna kichocho cha mkojo wa damu: mayai ya mnyoo hunasa kwenye ukuta wa kibofu, chembe nyeupe huitwa bila kupumzika, na sumu ambazo chembe hizo huyamwagia mayai huunguza seli jirani. Seli hizo hujigawa tena na tena kuziba majeraha, na makosa ya vinasaba hurundikana. Si kila mgonjwa hufika huko, ila dawa ya kichocho, prazikwanteli, ipo. Ya nini kungoja?

Mbona saratani ya titi hukimbilia mapafu na mifupa? (Mwanafunzi, Chumbageni)

Swali zuri kuliko yote wiki hii. Mwaka 2001 watafiti walionyesha kuwa seli za saratani ya titi hubeba kipokezi CXCR4, yaani protini ya juu ya seli inayonasa wito wa kemokini, na kemokini yake, CXCL12, hutoka kwa wingi kwenye mapafu, ini, uboho na tezi za limfu. Saratani huiba njia ya chembe nyeupe. Si sababu pekee, lakini ni kubwa.

Basi kemokini zote zizimwe! (Huyohuyo)

Taratibu, mwanangu. Kemokini CXCL9 na CXCL10 ndizo huita seli T, chembe nyeupe zinazoua saratani.

Tangawizi na binzari zitazizima? (Msomaji, Pangani)

Tangawizi tia kwenye chai. Lile donge la titi ulilolitaja mwisho wa barua, kana kwamba ni jambo dogo, lipeleke hospitali wiki hii.