Muulize kwanza ameona nini

Wenzangu mnaoanza kufundisha sayansi huku kwetu, karibuni sana. Na nyie vijana wawili mlioniuliza juzi mtu aking'ang'ania jambo ambalo si kweli mtamjibu vipi, haya ndo majibu yangu, nimeamua kuyaandika manake pale barazani tulianza tu na adhana ikatukata.

Nafundisha hapa Malindi mwaka wa 16 sasa. Ile miaka ya kwanza nilikua nawasahihisha watu vibaya, na si kwamba niliyosema yalikua uongo, la, yalikua yametoka vitabuni sawasawa, shida ni kwamba nilikua nampa mtu jawabu kabla sijajua lile neno lake amelitoa wapi. Alonitoa kwenye hio tabia ni nahodha mmoja mzee pale karibu na jeti.

Ilikua jioni, mida ya saa kumi, tarehe 14 ya mwezi wa kiislamu. Mzee amekaa ashona nyavu, na maji yalikua yamejaa, bamvua lenyewe, yale maji makubwa kabisa, mpaka ngalawa zilizovutwa juu mchangani zimeanza kucheza. Akasema bahari ina pumzi, yavuta ndani yatoa nje mara mbili kwa siku. Mimi nikaingilia palepale, "La ami, si pumzi hio, ni mwezi wavuta maji." Hakukasirika. Akaweka sindano yake ya nyavu chini akaniuliza, "Haya mwanangu, mwezi uko wapi saa hii?" Nikatazama juu, nikatazama baharini. Hakuna mwezi, ulikua hata haujatoka, mwezi wa tarehe 14 watoka wakati wa magharibi, jua likitua. "Na maji je?" Maji ndo yale, yamejaa. "Basi wavuta kutoka wapi, chini ya miguu yetu?"

Nilinyamaza. Nilikua na cheti cha ualimu na sikua na jawabu, na mwenzangu yule alokua hajasoma fizikia hata siku moja alikua ameuliza swali ambalo mimi miaka yote sikuwahi kujiuliza.

Nikaenda kusoma wiki nzima. Jambo lenyewe ni kwamba mwezi hauvuti kila mahali sawa, kilicho karibu nao wakivuta zaidi na kilicho mbali wakivuta kidogo. Kwa hivo maji ya upande unaotazama mwezi yavutwa kuliko dunia yenyewe, na dunia yenyewe yavutwa kuliko maji ya upande wa nyuma, basi yale ya nyuma yabaki nyuma kidogo, na hapo ndo maji yainuka pande mbili, si upande mmoja. Dunia ikizunguka twapita hizo pande zote mbili, ndo maana maji yajaa mara mbili. Na jua pia lavuta, japo nguvu yake ya kuinua maji haifiki nusu ya ile ya mwezi, vikiwa kwenye mstari mmoja, yaani mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, twapata bamvua, na ukiwa nusu vyapingana, twapata maji mafu, yasiyojaa sana. Alafu bahari yenyewe ina bara na ina vina tofauti, maji hayawezi kukimbia sambamba na mwezi, yachelewa, na ndo maana bamvua letu hapa lajaa mida ya saa kumi wala si saa sita, wakati mwezi uko utosini au chini ya miguu yetu.

Nikarudi kwa ami nikamweleza hivohivo, nikichora mchangani kwa kidole. Akaniambia sasa ameelewa mbona kila siku maji yachelewa kidogo kuliko jana, manake mwezi nao wachelewa kutoka, karibu dakika 50, yeye alikua aijua hio hesabu tangu utotoni bila kujua sababu. Akanifunza na mimi kwamba bamvua kubwa kabisa si siku ya mwezi 14 yenyewe, ni siku moja au mbili mbele. Nikaangalia kwenye jedwali la maji, kweli.

Sasa tazameni. Ami hakua mjinga. "Bahari ina pumzi" ni maneno ya mtu aliyetazama vizuri sana kwa miaka hamsini, alichokosa ni sababu tu. Na karibu kila dhana potofu nimeipata hivo, chini yake kuna kitu ambacho mtu amekiona kweli kwa macho yake. Ukimwambia "umekosea" yeye asikia wamwambia hakuona alichoona, na hapo utakua umeshampoteza, hata ukileta vitabu mia. Kwa hivo swali langu la kwanza siku hizi huwa ni moja tu, "umeonaje mpaka ukasema hivo?" na naliuliza nikitaka kujua kweli, si kwa kumtega.

Chukua hili la joto. Uliza darasa lolote hapa mbona Januari kuna joto kali na Julai kuna upepo baridi, utaambiwa Januari jua liko karibu. Vitabu vingi vyasema hio ni dhana potofu, futa, endelea mbele. Lakini ngoja kwanza. Mwanzoni mwa Januari dunia kweli iko karibu na jua, kilomita milioni 147 hivi, na mwanzoni mwa Julai iko mbali, kama milioni 152! Mtoto wa Malindi amesema kitu ambacho chalingana kabisa na ngozi yake. Ukikifuta bila kueleza umemdhulumu. Mimi humuuliza hivi, wale Waitaliano wanaojaa hapa Disemba na Januari, wamekimbia nini kwao? Baridi, hata theluji. Sasa kama jua liko karibu na dunia yote, mbona kwao kuna baridi siku hiohio sisi twatoka jasho? Hapo utaona sura ya mtoto yabadilika, amekwama mwenyewe, hujamkwamisha wewe, na aliyekwama mwenyewe hutafuta njia.

Alafu usimpe maneno, mpe kijiti. Simamisha kijiti cha mita moja kiwanjani, kinyooke sawasawa, tumia uzi wenye jiwe uhakikishe. Mkipime kivuli mchana kila wiki, kile kifupi kabisa cha siku hio. Mwishoni mwa Juni kivuli chalala upande wa kusini, kama nusu mita. Mwishoni mwa Disemba chalala upande wa kaskazini, kama sentimita 37. Na katikati hapo kuna siku mbili kwa mwaka kivuli chapotea kabisa, karibu na tarehe 12 Machi na karibu na tarehe 1 Oktoba, jua liko utosini. Mara ya kwanza nimefanya hivi na darasa ilikua Oktoba, saa sita na dakika kumi hivi, watoto arubaini wamezunguka kijiti, kivuli chazidi kuwa kifupi, chajikunja, mpaka kikaingia chini ya kijiti chenyewe, na msichana mmoja akapiga magoti mchangani akatafuta kwa mkono, "mwalimu kimeenda wapi?" Sijawahi kupata darasa kimya namna ile. Baada ya hapo kuwaeleza kwamba dunia imeinama nyuzi 23 na nusu hivi ilikua rahisi, walikua tayari wameona jua likihama.

Na usiseme umbali haufanyi kitu. Januari dunia yote yapata mwanga wa jua zaidi ya Julai kwa kama asilimia 7, ila mwinamo ndo wenye nguvu zaidi kwa misimu, na huku kwetu ongeza mawingu ya masika na upepo wa kusi. Ukisema ukweli wote mtu akuamini zaidi, hata kama jawabu lako litakua refu.

Hili la pili lanigusa sana. Mama mmoja aliyekua akiuza viazi karai karibu na shule alisema mbele ya watu kwamba mjukuu wake akinyeshewa apata malaria. Nikacheka. Nilicheka mbele ya wateja wake, nikasema malaria yaletwa na mbu si mvua, kila mtu ajua hivo. Yule mama hakunijibu, na tangu siku hio hakuniuliza kitu tena. Miezi kadhaa baadaye mjukuu alishikwa na homa wakati ambapo hakukua na mvua, na kwa sababu hakunyeshewa wakaona si malaria, wakamkanda kwa siku nne kabla ya kumpeleka kupimwa. Alipona, alhamdulillahi. Lakini nilijua, lau ningekaa naye siku ile dakika kumi na heshima, yeye angekuja kuniuliza siku ya kwanza.

Ningemwambia nini? Ningemwambia mama, umeona kweli, mvua na malaria vyafuatana. Mvua yaacha madimbwi, mbu wa anofelesi wataga humo, mayai yawa viluwiluwi, na baada ya siku kumi hivi au zaidi mbu wapya waruka. Akikuuma mwenye vidudu, wewe waanza kuumwa baada ya wiki moja au mbili, saa zingine zaidi. Kwa hivo mvua ya leo haiwezi kumpa mtoto malaria usiku wa leo, na homa isiyo na mvua yaweza kuwa malaria pia, kwa hivo kila homa ya mtoto ipimwe palepale. Na ningemwambia kwamba hata wazungu walikosea kwa kufuata kitu hichohicho walichokiona, jina lenyewe malaria ni la Kiitaliano, maana yake hewa mbaya, walidhani ni harufu ya vinamasi. Laveran, daktari Mfaransa, aliviona vidudu kwenye damu mwaka 1880, Ross, daktari Mwingereza, akavipata ndani ya mbu mwaka 1897, na mwaka uliofuata Waitaliano, Grassi na wenzake, wakaonyesha ni anofelesi ndo awapitishia binadamu. Yaani vinamasi kweli vilikua na hatia, hewa ndo haikua nayo.

Kuna maneno pia yatawasumbua, na hapa kosa si la msikilizaji, ni la lugha kubeba maana mbili. Nadharia ndo kubwa lao. Kwetu nadharia ni kinyume cha vitendo, mtu akisema "hio ni nadharia tu" amaanisha ni maneno matupu hayajafanywa. Kwenye sayansi ni maelezo yaliyojaribiwa mara nyingi sana yakasimama. Ukianza somo bila kusema hivo, mwanafunzi atakusikia wasema jambo halina uhakika na atakua amekuelewa vizuri kwa Kiswahili chake. Kemikali nayo vilevile, watu wasikia sumu, waambie chumvi ya mezani ni kemikali na maji ni kemikali. Mionzi nayo hivohivo, mwanga wa jua ni mionzi, swali ni ya aina gani na kiasi gani.

Na homa, nusura nisahau, homa kwetu ni joto la mwili, ni mafua, na saa zingine ni malaria, zote neno moja. Mtu akikwambia alimeza antibiotiki "ya homa" ikapona, uliza ni homa gani, manake mafua ni ya virusi na antibiotiki haiui virusi, mafua yangepona yenyewe.

Watoto wakiwachosha wapelekeni Ngomeni, kaskazini ya Malindi, wakaone yale majukwaa ya chuma yaliyosimama baharini. Waambieni tarehe 12 Disemba 1970, siku ya Jamhuri, roketi ilipaa pale na setilaiti iliyopewa jina la Uhuru, ya kwanza duniani kutengenezwa kwa kazi ya kutazama eksirei za angani tu, na ilisaidia sana watu kuanza kuamini kwamba mashimo meusi, vitu vya angani vyenye mvutano mkali hata mwanga hautoki, yako kweli. Alafu waulize mbona haikuanguka. Watasema kule juu hakuna mvutano wa dunia. Usikatae, waulize wameona wapi, watasema wameona video za watu wakielea ndani ya chombo, na ni kweli waelea. Sasa waambie pale ilipokua Uhuru, zaidi ya kilomita 500 juu, mvutano ulikua bado kama asilimia 85 ya huu wetu. Ilikua yaanguka muda wote! Rusha jiwe, laanguka karibu. Rusha kwa nguvu, laanguka mbali. Rusha kwa kasi ya kilomita saba na nusu hivi kwa sekunde, na dunia ni duara, jiwe laanguka na ardhi nayo yazidi kujikunja chini yake, lazunguka halifiki, Uhuru ilizunguka mara moja kwa kama dakika 96. Na walioelea waelea kwa sababu wao na chombo chao waanguka pamoja.

Mambo ya dini msiyaogope wala msiyachokoze. Jua lilipopatwa jioni ya tarehe 3 Novemba 2013 kuna waliosema ni dalili ya kifo cha mkubwa fulani. Sikuanza na mwezi wala kivuli. Nilimwachia maalim wa madrasa jirani, akawakumbusha kwamba jua lilipatwa siku aliyofariki Ibrahim mwana wa Mtume, watu wakasema limepatwa kwa ajili yake, na Mtume mwenyewe akawakataza, akasema jua na mwezi ni ishara za Mwenyezi Mungu, havipatwi kwa kifo cha mtu wala uhai wake. Baada ya hapo nikachukua chungwa na taa, nikaeleza kivuli, na watu wakasikiliza.

Mtaambiwa pia wanasayansi wabadilisha maneno kila siku. Kubalini, ni kweli, na mueleze ni kwa nini. Mimi hutumia samaki silakanti. Wataalamu walikua na hakika ametoweka tangu enzi za dinosau, miaka milioni 66 nyuma, mpaka mwaka 1938 akapatikana mmoja Afrika Kusini, na mwaka 2001 mwengine akanaswa huku kwetu, bahari ya Malindi. Hakuna aliyemficha kuokoa heshima yake, vitabu viliandikwa upya kwa sababu ya samaki mmoja.

Mkiulizwa msilolijua semeni hamjui na mtaje siku mtakayorudi na jawabu, alafu rudini siku hio kweli. Kwa ami nilirudi baada ya wiki, na mpaka leo akiona kitu kigeni baharini anipigia simu.

Kijiti nimeshakikata. Tarehe 1 Oktoba tukutane kiwanjani saa sita kamili, mje na uzi na jiwe.