Barua kwa mwanangu: neno huzuni

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama huzuni ni Kiswahili au Kiarabu, na kwa nini "uzuni mkubwa" imekatwa katika salamu zako za rambirambi.

Asili yake ni Kiarabu: ḥuzn. Herufi zizo hizo zinatoa ḥazn, ardhi ngumu yenye kukwaruza. Ar-Raghib al-Isfahani, bingwa wa msamiati wa Qurani, aliziweka maana hizo pamoja: ukakasi wa ardhi na ukakasi wa nafsi. Kinyume cha ardhi hiyo ni sahl, tambarare, na humo ndimo lilimotoka neno letu sahali, yaani rahisi. Mimi naona hakuna maelezo ya huzuni yanayoishinda picha hiyo ya mguu juu ya mawe.

Kiswahili hakikubali neno liishie kwa z na n zilizoshikana. Tukatia u katikati na i mwishoni. Waturuki nao walilichukua wakasema hüzün. Wao walihitaji irabu ya katikati tu.

Lilipoingia kwetu likafuata sheria za nyumba. Shina lenye u huchukua -ika na -isha: huzunika, huzunisha. Lenye o huchukua -eka na -esha, ndiyo maana twasema sononeka. Kwa hiyo neno ni la Kiswahili kamili, ingawa mbegu ilitoka ng'ambo.

Kosa lako lilianzia kwenye h. Ukiidondosha, neno linafanana na uzuri na uzito, nawe unajikuta ukisema "mkubwa". Ikirudi h, ngeli inarudi: huzuni yangu, huzuni kubwa. Majonzi ni mengine: majonzi yangu, majonzi makubwa.

Usichanganye pia huzuni na msiba. Msiba ndio tukio lenyewe, nalo ni Kiarabu, muṣība. Masikio yetu yalidhani mu- ya mwanzo ni kiambishi, tukapata misiba. Anayesema "nina msiba" amefiwa; mwenye huzuni huenda hakufiwa. Simanzi naiona nzito zaidi, ifaayo pale nyumba nzima imenyamaza. Sonona iache: wahudumu wa afya huitumia kwa ugonjwa, unaohitaji tiba.

Sentensi yako iandike hivi: "Tumepokea kwa huzuni kubwa taarifa ya msiba uliowafika."

Mama yako