Bunduki rahisi ya nusu-otomatiki: ununue au uache?

Maswali ya safari hii karibu yote yanazunguka jambo moja: bunduki ndefu ya bei ya chini, ile inayotoa risasi moja kila ukivuta triga kisha ikajipakia nyingine yenyewe. Kabla ya lolote, kibali. Kuna nchi zinazoruhusu aina hii kwa risasi ndogo ya .22 LR tu, kuna zinazoikataza kabisa, na kuna zinazoweka kikomo cha risasi ndani ya magazini. Ulizia kwenye ofisi inayotoa leseni kabla hujaacha arubuni kwa muuzaji.

Kwa nini nyingine ni rahisi hivyo? Wamepunguza wapi?

Kwa bunduki za .22 LR, urahisi mwingi unatokana na risasi yenyewe. Kichwa chake cha kawaida kina gramu 2.6 tu na msukumo wake ni mdogo, kwa hiyo bolti, yaani kipande cha chuma kinachokwenda mbele na nyuma kufunga na kufungua nyuma ya mtutu, haihitaji kufungwa kwa kabari wala kusukumwa na pistoni ya gesi. Uzito wa bolti na springi iliyo nyuma yake vinatosha kuichelewesha mpaka kichwa kitoke mtutuni. Vipande vichache, kazi chache za mashine, bei inashuka. Hapo hujapunjwa chochote.

Mengine ndiyo ya kuangalia. Kitako cha plastiki, rangi ya kupuliza na vilengeo vya plastiki haviharibu kitu, vikikuudhi utabadilisha. Tunachokagua kwanza ni magazini na kucha, yaani ule mdoano mdogo kwenye uso wa bolti unaochomoa ganda. Magazini ya bati jembamba ambayo midomo yake inapindika kwa kidole itakusumbua kila siku. Mtutu, ajabu ni kwamba mara nyingi ndio sehemu nzuri kuliko zote hata kwenye bunduki ya bei ya chini kabisa.

Nachagua kati ya Marlin Model 60 iliyokwishatumika na Ruger 10/22. Ipi?

Zote mbili ni za zamani na zimethibitika: Model 60 ilitoka 1960, 10/22 ikafuata 1964. Tofauti kubwa ni namna ya kupakia. Model 60 ina bomba la risasi chini ya mtutu, hivyo hakuna magazini ya kupoteza wala ya kupinda. Lakini kupakia ni polepole, na kuhakikisha kwamba ni tupu kunahitaji nidhamu. Hata ukichomoa bomba la ndani na kumwaga risasi zote, moja inaweza kubaki kwenye njia ya kuingilia chemba, yaani pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu. Vuta bolti mara kadhaa, kisha chungulia na utie kidole.

10/22 ina magazini ya mzunguko ya risasi 10 ambayo haikwami ovyo, na mtutu wake umeshikwa kwa skrubu mbili tu, kwa hiyo hata mtu asiye fundi anaweza kuubadilisha. Spea zake ni nyingi kuliko za bunduki nyingine yoyote ya .22. Ukiwa na mpango wa kuiendeleza kidogo kidogo, chukua hiyo. Ukitaka bunduki moja ya kulenga makopo na kuiacha ilivyo, Model 60 nzima ni mali nzuri. Kagua tu kipande cha plastiki kilicho nyuma ya bolti, kile kinachopokea kishindo. Kikizeeka hukauka, kikapasuka. Kukibadilisha si kazi kubwa, lakini bei ishuke kwa sababu hiyo.

Nimeonyeshwa iliyokwishatumika. Muuzaji anasema haijapigwa sana. Nitajuaje?

Maneno ya muuzaji yaweke kando, uisome bunduki yenyewe. Anza kwa kuihakikisha kuwa tupu: magazini nje, bolti nyuma, angalia kwa jicho, gusa chemba kwa kidole.

Tazama vichwa vya skrubu. Vikiwa vimelika pembeni, kuna mtu ameifungua kwa bisibisi isiyofaa, na huenda hakuishia kwenye skrubu. Fuata kitako kwa mkono pale kinapokutana na chuma, nyuma ya triga. Mbao hupasuka hapo kwanza, ufa mwembamba kama unywele.

Kisha mtutu. Weka karatasi nyeupe au tochi ndogo upande wa chemba, uchungulie kutoka mdomoni. Ukiweza kuchungulia kutoka nyuma ni bora zaidi. Mifereji ya ndani, ile inayozungusha kichwa cha risasi, inatakiwa ing'ae na kingo zake zionekane. Vumbi la baruti si tatizo, linasafishika. Kitu cha kukuogopesha ni pete nyeusi inayozunguka ndani ya mtutu mahali pamoja, kama kivuli cha mkufu. Maana yake, risasi dhaifu iliwahi kukwama humo, ikafuatwa na nyingine, chuma kikavimba. Pitisha vidole kwa nje, wakati mwingine uvimbe unasikika. Hiyo iache hata ukipewa kwa nusu bei. Mdomo wa mtutu nao uangalie: mkwaruzo mmoja pale kichwa kinapoagana na chuma unatosha kutawanya shabaha.

Baada ya hapo omba ruhusa ya kujaribu triga, ukiwa na ganda tupu ndani ya chemba ili pini isigonge chuma. Mtutu uelekee mahali salama muda wote. Koki, weka sefti, vuta triga kwa nguvu, achia, kisha toa sefti. Nyundo, yaani kile kinachoipiga pini, ikianguka wakati wowote hapo, sefti ni pambo.

Jaribio la pili wengi hawalijui, nalo ndilo muhimu zaidi kwa nusu-otomatiki. Koki, vuta triga usiiachie. Kidole kikiwa bado kimebana, vuta bolti nyuma uiachie irudi yenyewe. Nyundo inatakiwa ibaki juu. Sasa achia triga taratibu: utasikia mlio mdogo, "tik". Vuta tena, nyundo ianguke. Kama nyundo iliifuata bolti kabla hujaachia triga, bunduki hiyo inaweza kutoa risasi mbili au tatu kwa mvuto mmoja. Ni hatari kwako na kwa jirani yako wa uwanjani, na mbele ya sheria huenda ikahesabiwa kuwa otomatiki. Rudisha, ondoka.

Nimenunua mpya, lakini kila risasi 10 inakwama mara moja au mbili. Niirudishe dukani?

Usiirudishe kwanza. Kukwama kuna sura tofauti, na kila sura ina mkosaji wake.

Ganda tupu limebanwa wima kwenye dirisha la kutokea: bolti haikurudi nyuma kwa nguvu ya kutosha. Mara nyingi sababu ni risasi za polepole. Zile za mwendo wa kawaida hutoka kwa takriban mita 320 hadi 330 kwa sekunde, ilhali bunduki nyingi rahisi springi zake zimepimiwa risasi za kasi, za mita 370 hivi na zaidi, ambazo kichwa chake kimeandikwa 40 gr kwenye boksi (gr ni greni, si gramu: 40 ni zile gramu 2.6). Sababu ya pili ni grisi nzito ya kiwandani. Ifute yote, weka matone mawili matatu ya mafuta mepesi kwenye njia za bolti, basi. Mafuta mengi hunasa masizi na kugeuka uji.

Kichwa cha risasi kimejikunja kwenye mlango wa chemba: mshuku magazini. Ziandike namba kwa rangi, moja na mbili. Tatizo likimfuata namba moja popote aendapo, umempata mwizi.

Pini imegonga, haikulia: ngoja sekunde 30 mtutu ukiwa mahali salama, maana fataki, yaani kile kiwashio cha baruti, nyingine huchelewa. Kisha itoe uitazame. Risasi ya .22 fataki yake imo ndani ya ukingo wa kitako cha ganda, na mchanganyiko huo wakati mwingine haukuenea vizuri. Alama ikiwa nzito, kosa ni la risasi. Alama ikiwa hafifu, bolti haikufunga hadi mwisho au springi imechoka, na hapo uchafu ndani ya chemba ndio wa kushukiwa kwanza. Nta na masizi ya .22 hujijenga taratibu mpaka risasi ikawa inaingia kwa kusukumwa. Burashi ya shaba kwenye chemba, mizunguko 10, mara nyingi inamaliza ugomvi.

Risasi 200 za mwanzo zihesabu kuwa za kuizoeza. Ukishatumia aina mbili za risasi na magazini mbili, nayo bado inakwama zaidi ya mara moja katika 50, sasa irudishe, na ueleze ni sura ipi.

Ukisikia mlio dhaifu, "puf" badala ya "pa", simama. Usikoki tena. Toa magazini, toa ganda, pitisha ufito mtutuni. Pete nyeusi tuliyoitaja juu huzaliwa hapo.

Inapiga shabaha vizuri kiasi gani? Nilichoona mtandaoni ni matundu matatu yamegusana.

Matundu matatu hayasemi kitu. Bahati inatosha kuyakusanya. Weka bunduki juu ya mifuko ya mchanga, karatasi mita 50, piga makundi matano ya risasi tano tano. Pima kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya lile lililo mbali zaidi nalo, kisha tafuta wastani. Kwa bunduki rahisi na risasi za kawaida, sentimita 2.5 hadi 4 ni kazi nzuri. Ikizidi 5, kaza kwanza skrubu za kitako na za darubini kabla hujalaumu mtutu.

Jaribu aina tatu au nne za risasi, kwani kila mtutu una chakula chake, na si lazima kiwe cha ghali. Ukibadilisha aina, risasi 10 za kwanza usizipime. Mtutu bado una nta ya aina iliyotangulia.

Inauzwa pamoja na darubini. Ni faida?

Faida ndogo. Teke la .22 ni dogo, kwa hiyo hata darubini dhaifu haivunjiki upesi. Tatizo ni umbali iliopangiwa. Za .22 hupangwa kwa takriban mita 45, za bunduki kubwa kwa mita 90 na zaidi. Ukifungiwa ya pili, msalaba utakuwa unatembea juu ya shabaha kila kichwa chako kikisogea. Jaribu: bunduki imelala kwenye mifuko, huigusi, pandisha na teremsha jicho lako uone. Angalia pia reli, pale juu ya bunduki darubini inapofungwa. Nyingi za .22 zina mfereji mwembamba wa milimita 11, na vishikio vya reli pana havitaukaa.

Mimi navutiwa na SKS ya jeshi. Nayo si ni rahisi?

Ilikuwa. SKS, bunduki ya nusu-otomatiki iliyobuniwa na Simonov wa Muungano wa Kisovieti, ni chuma imara: magazini yake isiyotoka inabeba risasi 10 za 7.62×39, na inavumilia uchafu. Lakini kama bunduki ya kwanza hatuipendekezi.

Pini yake kwa kawaida haina springi ya kuirudisha, inaelea. Zilizotoka ghala zimejaa grisi ya kuhifadhia, na grisi hiyo ikigandisha pini ikiwa mbele, bunduki inaweza kulia yenyewe bolti inapofunga, na kuendelea kulia. Fungua bolti, toa pini, osha vyote kwa mafuta ya taa, na ukitikisa bolti kavu usikie pini ikicheza ndani. Hiyo ni kabla ya risasi ya kwanza.

Risasi zake za zamani nyingi zina fataki inayoacha chumvi, nayo chumvi huvuta unyevu. Mafuta hayaiondoi, inaondoka kwa maji ya moto, kisha unakausha, ndipo mafuta yanafuata, siku hiyo hiyo. Zile za Yugoslavia, M59 na M59/66, zinahitaji uangalifu zaidi kwa sababu mitutu yake haikupakwa kromu. M59/66 ina pia vali ya gesi ya kurushia bomu la bunduki. Ikilika inavujisha gesi na bolti inakosa nguvu.

Nikishanunua, gharama imeisha?

Chukua bei ya risasi 500 pale ulipo, zidisha kwa 10. Hizo ni 5,000, kiasi anachomaliza kwa mwaka mtu anayepiga takriban 100 kwa wiki. Mara nyingi jumla hiyo inaipita bei ya bunduki yenyewe, ndiyo maana kuhangaikia punguzo dogo kwenye bunduki huku ukinunua inayokula risasi za ghali ni hesabu ya kichwa chini. Ongeza magazini ya pili, miwani, vizibo vya masikio, ufito wa kusafishia, na sanduku la chuma lenye kufuli. Kama pesa haifikii sanduku, basi bado haifikii bunduki.

Naweza kuvuta triga bila risasi nikifanya mazoezi nyumbani?

10/22, ndiyo, mtengenezaji anaruhusu. Nyingine nyingi za .22, hapana: pini hugonga ukingo wa chemba na kuacha kidonda, halafu maganda yanaanza kung'ang'ania. Tumia risasi bandia za plastiki, na risasi halisi ziwe chumba kingine kabisa.