Mke wako hakukufedhehesha, mwanangu

«Shangazi, mimi ni baba wa watoto wanne, tunakaa Kadutu, hapa Bukavu. Nilikuwa kiongozi wa kwaya. Nilianguka na mwanamke mmoja, mke wangu akanipeleka kwa wazee. Walinitenga na Meza ya Bwana miezi sita na kunikataza gitaa. Nimetubu mbele ya kanisa zima na muda umekwisha, lakini wazee wanataka mke wangu asimame pamoja nami ndipo nirudishwe, naye hataki. Angezungumza nami kwanza, asinifedheheshe. Ni kweli alikuja na msimamizi wetu wa ndoa nikamfukuza, lakini ilikuwa hasira. Mtoto wa yule mama wa Bagira ana miaka mitatu, kodi yao naendelea kulipa, siwezi kuwatupa. Pesa ya likelemba ya mke wangu, ule mchango wa kupokezana, niliikopa kidogo tu. Anauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, atapata nyingine. Wakatoliki wanaungama kwa padri, yanaisha. Rafiki ananiita kwenye kanisa lao la uamsho, wanahitaji mpiga gitaa. Mwambie mke wangu anisamehe.»

Pole, mwanangu. Kukaa kwenye benchi huku mkate na kikombe vinakupita na watoto wako wanatazama, kunauma sana.

Sasa tuzungumze. Mtoto wa miaka mitatu hatokani na usiku mmoja wa bahati mbaya, na kodi hailipwi kila mwezi kwa bahati mbaya. Una nyumba mbili. Ulisimama mbele ya kanisa ukalia, kisha mwisho wa mwezi ukapeleka kodi Bagira. Mama watoto anajua, ndiyo maana hataki kusimama. Wewe unaomba asimame awe shahidi wa uongo, na shahidi wa uongo hata mahakamani anaadhibiwa.

Unasema angezungumza nawe kwanza. Fungua Mathayo 18, mstari wa 15 mpaka wa 17: kwanza ninyi wawili peke yenu, asiposikia, mchukue mtu mmoja au wawili, asiposikia hao, liambie kanisa. Huyo msimamizi uliyemfukuza alikuwa hatua ya pili, na sioni mwanamke anayeanza na hatua ya pili. Mke wako alifuata Maandiko kuliko wewe uliyeyaimba kila Jumapili. Mimi niko upande wake, wazi.

Na Wakatoliki waache. Padri haondoi dhambi ya mtu asiye na nia ya kuiacha, na hata anayeondolewa hupewa malipizi. Ungeingia kwenye kiti cha maungamo na kodi ya Bagira mfukoni, ungetoka vilevile.

Hili la kuhama kanisa linanikera, maana si lako peke yako. Bukavu ya leo mwanaume akikemewa huku anavuka barabara. Kule anapewa maikrofoni kabla hajaulizwa mke wake yuko wapi. Bureau ya pili, yaani mwanamke wa pembeni anayetunzwa, imezoeleka mpaka vijana wanaipangia bajeti kabla hawajamaliza mahari ya mke wa kwanza! Kisha tunashangaa ndoa hazikai. Kanisa lisiloweza kumtenga mtu halina mahali pa kumrudisha. Wazee wako walikutenga kwa sababu bado wanakuhesabu kuwa wao.

Lakini nao nina neno nao. Paulo aliyewaagiza Wakorintho, katika barua ya kwanza, sura ya 5, wamwondoe mtu aliyekuwa na mke wa baba yake, ndiye aliyewaandikia katika ya pili, sura ya 2, wamsamehe na kumfariji mtu waliyemwadhibu, asije akamezwa na huzuni. Katika barua yako sioni mzee hata mmoja aliyebisha mlangoni kwako miezi yote hiyo. Hilo ni kosa. Na kumfanya mke aliyeumizwa kuwa ufunguo wa kukurudisha ni kumtwika mzigo wa dhambi isiyo yake. Wakuulize wewe umeacha nini. Msamaha wake utakuja kwa wakati wake. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Kwa hiyo nyumba ya Bagira iishe, na umwambie yule mama mbele ya msimamizi wako wa ndoa. Mtoto ni jambo lingine kabisa. Yeye hakutenda kosa: alishwe, asomeshwe, na umtambue kisheria. Kanuni ya Familia ya Congo ya mwaka 1987 inamhesabu miongoni mwa warithi wako pamoja na ndugu zake, mradi umemtambua ungali hai. Matunzo yake yapite mikononi mwa mtu mnayemwamini wote, mama watoto akijua ni kiasi gani.

Halafu ile likelemba. «Atapata nyingine»! Anayesimama sokoni kutwa na beseni la sambaza ni yeye. Zakayo hakuishia kusema amekosa. Aliahidi kurudisha mara nne. Mimi sikudai nne, rudisha yote, mkononi mwake.

Msimamizi uliyemfukuza kamwombe radhi wiki hii. Jumapili usiende kwa rafiki yako. Nenda kwenye kanisa lako, kaa kwenye benchi lako, na ukirudi nyumbani usimuulize mama watoto ni lini atasimama nawe.