Maswali na Majibu: Damu ya Kuigiza katika Picha za Wanasesere

Nina mwanasesere askari wa sentimita 15. Nimempaka sharubati nyekundu, lakini pichani anaonekana kama amemwagikiwa jamu. Nimekosea wapi? (Msomaji, Mikindani)

Umekosea katika ukubwa wa tone, wala si katika rangi. Mwanasesere huyo ni takribani sehemu moja ya kumi na mbili ya mtu mzima, kwa hiyo tone la milimita 4, ambalo kwako ni dogo, kwake lina upana wa karibu sentimita 5, yaani kama ndimu. Mtazamaji huhisi kasoro hiyo hata asipoweza kuieleza. Tatizo la pili ni kwamba mvutano wa uso wa kimiminika hukifanya kijikusanye juu ya plastiki badala ya kutiririka. Tia tone la sabuni ya kuoshea vyombo ili kitandae, kisha ukipake kwa ncha ya sindano. Ukitaka marasharasha, chovya mswaki wa zamani, ufute kwenye karatasi mpaka ukaribie kukauka, ndipo upitishe ukucha kwenye nyuzi zake. Mimi huacha pale ninapohisi kwamba damu bado haijatosha, na mara nyingi hata hapo huwa nimeshazidisha.

Naomba kipimo cha kuipika nyumbani. (Msomaji, Lindi mjini)

Chemsha vijiko 2 vya sukari katika kijiko 1 cha maji, iache ipoe, kisha utie rangi nyekundu ya chakula pamoja na chembe ya kakao ili kuua wekundu wa pipi. Kumbuka kwamba damu ikikauka hugeuka kahawia, kwa kuwa himoglobini yake huathiriwa na oksijeni. Jeraha la jana lisipewe rangi ya jeraha la sasa hivi. Niliwahi kuacha vita vyangu barazani nikaenda kunywa chai, nikarudi na kukuta majeruhi wote wamezingirwa na sisimizi. Ukitaka mng'ao udumu kwa muda mrefu, tumia gliserini ya duka la dawa badala ya sukari.

Je, maji ya mabibo au choya yanafaa? (Msomaji, Newala)

Choya ina uzambarau mno, na ikigusana na magadi huelekea ubuluu, kwa hiyo siipendekezi. Mabibo ni habari nyingine. Maji yake hayana rangi ya damu hata kidogo, lakini kila aliyewahi kuokota korosho anajua doa la kahawia yanaloacha kwenye nguo na lisilotoka kwa sabuni yoyote. Kwa sare ya mwanasesere anayepaswa kuonekana amevuja damu siku nyingi zilizopita, kasoro hiyo inageuka sifa. Tumia tunda peke yake, kwani mafuta ya ganda la korosho huunguza ngozi.

Nataka damu isiyofutika. (Msomaji, Masasi)

Changanya rangi nyekundu inayopitisha mwanga, kama Tamiya X-27, na gundi ya epoksi, ambayo ikikauka hubaki inang'aa kana kwamba ni mbichi. Jaribu kwanza chini ya nyayo za mwanasesere.

Nikipiga picha ufukweni Msimbati, damu inakuwa bapa jekundu lisilo na umbo. (Msomaji, Mtwara mjini)

Jua la saa sita ndilo linalokuharibia. Piga asubuhi, mwanga ukitoka ubavuni au nyuma kidogo ya mwanasesere ili ukingo wa kila tone ung'ae, na upunguze mwangaza wa kamera, kwa sababu rangi nyekundu hujaa upesi na kupoteza vivuli vyake. Mchanga nao huinywa sharubati papo hapo, kwa hiyo tandika kipande cha plastiki angavu pale dimbwi linapotakiwa kuonekana, kisha ufiche kingo zake kwa mchanga uliochekechwa. Chembe ya milimita 1, mbele ya askari wako, ni kokoto.