Kwa nini "Take Five" haijachuja

Ndugu, umeuliza kwa nini "Take Five", wimbo usio na mwimbaji uliorekodiwa mwaka 1959 na kundi la jazi la mpiga piano Dave Brubeck, haujachuja hadi leo. Kwa maoni yangu, siri yake kubwa ni mapigo matano katika kila mzunguko, ambayo piano huyarudia bila kuyumba, matatu kisha mawili, hata msikilizaji aliyezoea mapigo manne akajikuta anatikisa kichwa bila kuhesabu. Msikilize Joe Morello, mpiga ngoma wa kundi hilo, anapoachiwa ngoma: hana haraka, anaacha nafasi kati ya mapigo, na piano inaendelea vilevile nyuma yake. Saksafoni ya Paul Desmond, mtunzi mwenyewe wa wimbo huu, ni laini ajabu. Naye aliusia mapato ya tungo zake yaende Msalaba Mwekundu wa Marekani.