Baiskeli ya jioni Dar es Salaam: tafuta njia tulivu kwa saa yake

Ukimuuliza mtu wa Dar ni wapi pametulia kwa baiskeli, atakutajia mtaa. Lakini mtaa pekee si jibu mpaka utaje na saa. Barabara ya Samora saa 5 asubuhi hata pa kupitisha mguu ni shida. Saa 1:30 usiku maduka yamefungwa, ofisi zimelala, unapita katikati ya mji ukisikia cheni yako inavyozunguka. Goba ni kinyume chake. Mchana unapumua vizuri, jioni magari yanayoikimbia foleni ya Barabara ya Bagamoyo yanajaa humo kama siafu.

Kwa hiyo anza na swali moja: kuanzia saa 10:30 jioni hadi saa 2 usiku, magari yanatoka wapi na yanakwenda wapi? Yanatoka Posta na Kariakoo, yanakimbilia Mbagala, Gongo la Mboto, Kimara na Tegeta. Barabara zinazobeba mzigo huo ni nne: Kilwa, Nyerere, Morogoro na Bagamoyo, pamoja na kila kichochoro kinachoziunganisha. Ukishaliona hilo kwenye ramani, yanabaki maeneo ya aina tatu yanayofaa: barabara zisizopitiliza kwa sababu zimezuiwa na bahari, ukuta wa chuo au bonde; katikati ya mji baada ya saa za kazi; na barabara yoyote unapoelekea upande ambao watu wanautoka.

Fungua ramani ya setilaiti kwenye simu, ufuate kwa kidole barabara unayoifikiria mpaka mwisho wake. Je, inaunganisha barabara kuu mbili? Kama inaunganisha, iache, hata kama picha inaonyesha miti na nyumba nzuri. Programu za ramani huwaelekeza madereva huko mara foleni inapokaza, na dereva aliyekaa foleni saa nzima akipata kipande kilicho wazi hukimbiza gari. Barabara nzuri kwako ni ile ambayo mwenye gari hana sababu ya kuingia kama haishi hapo.

Ramani peke yake haitoshi. Nenda ukasimame pale kwa dakika 10, siku ya kazi, saa ile ile unayotaka kupita, uhesabu. Kipimo changu ni hiki: magari na pikipiki chini ya 20 kwa dakika 10, njia inafaa. Kati ya 20 na 50, inafaa kwa mwenye taa nzuri na mwenzake. Zaidi ya 50, tafuta nyingine. Bodaboda moja ihesabu kama mbili, kwa sababu ndiyo inayokuja upande usio wake, pembeni kabisa, mahali ulipo wewe, na mara nyingine bila taa. Rudia hesabu siku ya Ijumaa au mwisho wa mwezi watu wakishapata mshahara. Njia ikifaulu siku hizo, iamini.

Kuna dalili nyingine ambazo ni za haraka kuliko kuhesabu. Watoto wakicheza chandimu katikati ya barabara saa 12 jioni, na magoli ni mawe manne, hapo pametulia. Meza ya mihogo ya kukaanga ikiwa imewekwa karibu kabisa na ukingo wa lami, mama mwenye meza ameshapima mwendo wa magari kwa miezi mingi, na kipimo chake ni bora kuliko changu. Dalili mbaya ni tuta jipya la udongo au saruji lililojengwa na wananchi wenyewe. Hawakulijenga bure, kuna mtu aligongwa au alikoswakoswa. Tena matuta hayo hayana rangi, na gizani huyaoni mpaka hendeli ikuruke mkononi.

Njia ya kuanzia: Kivukoni hadi Masaki

Kwa mgeni wa mchezo huu, njia ya pwani ndiyo shule nzuri. Anzia Kivukoni, fuata Barabara ya Barack Obama kandokando ya bahari, vuka Daraja la Tanzanite, ingia Toure Drive, pita Coco Beach, endelea hadi Masaki. Kwenda tu ni kama kilomita 10. Daraja hilo lilifunguliwa 2022, lina urefu wa kilomita moja na kidogo, na lina njia ya pembeni ya waenda kwa miguu. Ukiitumia njia hiyo, nenda mwendo wa polepole na uwape nafasi wanaotembea. Wengi wanaangalia bahari, hawakuangalii wewe. Eneo la Ikulu pita bila kusimama, na simu iache mfukoni.

Sababu ya kuipenda njia hii si mandhari tu. Tanzania tunaendesha kushoto. Unapokwenda Masaki, bahari iko kulia kwako, na njia panda zote zinafunguka upande wako wa kushoto: kila baada ya muda kuna gari linachomoza au linakata kona mbele yako. Unaporudi mjini, bahari iko kushoto. Sehemu kubwa ya upande huo haina njia panda, na anayechomoza ni wa hoteli au mgahawa mmoja mmoja. Hivyo panga safari yako mwanga ukutumikie kwenda, na giza likukute ukirudi. Mpangilio huo mmoja unapunguza hatari, ingawa kofia pia vaa.

Jumapili jioni usiende huko kabisa. Coco Beach hujaa, magari hupaki pande zote mbili, na milango hufunguliwa bila kuangalia nyuma. Jumatatu hadi Alhamisi ndizo siku zake.

Upepo na saa

Watu wa pwani hawahitaji kufundishwa kusi na kaskazi, lakini waendesha baiskeli wengi husahau kuvihesabu. Kuanzia Aprili hadi Septemba kusi inavuma kutoka kusini. Ukienda Masaki inakusukuma, unajiona hodari, halafu unarudi ukipambana nayo umechoka na kiza kimeingia. Miezi hiyo punguza umbali: kama umezoea kilomita 20, geuza ukiwa na 7. Kuanzia Desemba hadi Machi ni kaskazi, kazi inakuwa ya kwenda na raha ni ya kurudi. Juu ya Daraja la Tanzanite upepo wa ubavuni ni mkali, shika hendeli kwa mikono miwili na usikae karibu sana na ukingo.

Jua letu halibadiliki sana, ila linabadilika kiasi cha kukudanganya. Mwishoni mwa Mei na mwanzoni mwa Juni linazama kama saa 12:10 jioni. Mwanzoni mwa Februari linafika karibu saa 12:50. Baada ya kuzama una kama dakika 20 za mwangaza, kisha giza kamili. Anayetoka nyumbani saa 11:30 kwa mazoea ya Februari atashikwa na giza njiani Juni.

Mwezi wa Ramadhani una hesabu yake. Nusu saa kabla ya Magharibi kila mtu anawahi futari, na hizo ndizo dakika mbaya kuliko zote za mwaka, kaa nyumbani. Mara tu baada ya adhana, hasa kwenye mitaa yenye Waislamu wengi, barabara zinakuwa tupu kwa karibu saa nzima. Kama nawe umefunga, futuru kwa tende na maji, toka kidogo, chakula kizito kikungoje.

Siku ya mechi ya Simba na Yanga, eneo lote la Uwanja wa Mkapa liepuke, upande wa Barabara za Kilwa na Mandela pia. Kwingineko mpira ukiwa unachezwa mji hutulia ajabu, lakini hakikisha filimbi ya mwisho inakukuta karibu na nyumbani.

Kigamboni na kaskazini

Kigamboni ina sifa ya utulivu, na sifa hiyo ni ya kweli nusu. Kivuko cha Magogoni jioni kimejaa watu wanaorudi kwao Kigamboni, hivyo ukivuka kutoka mjini saa 11 utabanwa na baiskeli yako. Wakati wa kurudi kinakuwa na nafasi. Mwingine atasema pita Daraja la Nyerere, lile lililofunguliwa 2016. Linapitika, ila upande wa Kurasini kuna malori ya bandarini, na ndani ya Kigamboni kuna magari ya mafuta yanayokwenda na kutoka kwenye bohari. Utulivu wenyewe unaanza ukishaipita Mjimwema kuelekea Gezaulole, na zaidi kwenye barabara za vumbi zinazoshuka baharini. Hizo ziendee mchana kwanza. Nyingine zinaishia kwenye geti la mtu.

Kaskazini, Kunduchi, Ununio na Mbweni zinafaa kwa sababu ile ile ya bahari. Kaa upande wa bahari wa Barabara ya Bagamoyo. Ukivuka kuelekea Wazo unaingia kwenye malori ya saruji na mchanga, na dereva wa mchanga anawahi safari ya mwisho kabla ya giza.

Kampasi ya Chuo Kikuu, Mlimani, ni nzuri kwa anayetaka mazoezi ya kilima: ina miti na magari machache jioni. Heshimu walinzi wa getini, salimia kwanza, shikamoo kwa mzee haikupunguzii kitu, kisha omba kupita. Mlinzi aliyekuzoea ndiye atakayekuambia wiki hii taa za upande gani haziwaki.

Taa, upepo wa tairi, na mchanga

Kwenye mitaa yenye taa, taa ya mbele ya lumeni (kipimo cha mwangaza) 150 hadi 200 inatosha ili uonekane. Kwenye giza la Gezaulole au Ununio unahitaji 400 hadi 600 ili wewe mwenyewe uone shimo mapema. Iinamishe kidogo, mwanga uguse barabara mita 8 hadi 10 mbele; ukiiinua unampofusha anayekuja na wewe huoni shimo lililo karibu. Taa ya nyuma iwe nyekundu na iwake mfululizo. Ile ya kumeta peke yake inaonekana mbali, lakini dereva anashindwa kukadiria umbali wako. Ukiwa nazo mbili, moja iwake na nyingine imete. Ongeza mkanda wa rifleksa kwenye vifundo vya miguu: kinachopanda na kushuka humwambia dereva mara moja kwamba huyu ni mtu wa baiskeli. Gari likikujia na taa za juu, usiitazame taa. Punguza mwendo na utazame ukingo wa kushoto wa barabara mpaka lipite.

Tairi nene za inchi 26 zijaze upepo psi (kipimo cha presha ya tairi) 40 hadi 50 kwa lami. Ukijua utaingia kwenye mchanga, shusha hadi 28 au 30, tairi itapanuka na kuelea badala ya kuzama. Lakini ukirudi kwenye lami yenye mashimo na upepo mdogo hivyo, rimu itaibana tyubu na utapata matundu mawili yanayoambatana kama jino la nyoka. Ukiyaona hayo, usihangaike kutafuta mwiba. Tatizo ni upepo. Tundu moja dogo ndilo la mbigili, chupa, au ule waya mwembamba unaotoka kwenye tairi za malori zilizopasuka pembezoni mwa barabara.

Gizani usizibe pancha. Beba tyubu nzima, vijiti viwili vya kutolea tairi na pampu ndogo, badilisha, kiraka utaweka nyumbani. Kabla ya kuingiza tyubu mpya pitisha kitambaa ndani ya tairi mzunguko mzima. Kitanasa kwenye kilichochoma. Wengi huruka hatua hii na kupata pancha ya pili baada ya mita 200, tyubu ya akiba imeshatumika.

Mchanga wenyewe una adabu yake. Weka gia nyepesi kabla hujaingia, sogeza uzito nyuma, endelea kukanyaga, na breki ya mbele usiiguse. Ukikata kona ghafla, gurudumu la mbele linazama na wewe unaenda chini.

Mbwa wa ulinzi wengi hufunguliwa usiku, hasa maeneo ya mageti makubwa. Ukimkimbia atakufuata. Shuka, weka baiskeli kati yako na yeye, tembea bila kumkazia macho mpaka utoke kwenye eneo lake. Kuhusu vibaka, simu haikai kwenye hendeli hata kama unafuata ramani. Kariri kona tatu za kwanza, kisha simama penye watu uangalie tena.

Ukirudi kutoka pwani, usisubiri kesho. Chumvi na mchanga vikilala kwenye cheni usiku mmoja, asubuhi utaiona kutu. Futa cheni kwa kitambaa kikavu, dondosha tone moja la mafuta kwenye kila kiungo, zungusha pedeli kinyumenyume mara 20, halafu ufute tena mafuta yaliyobaki nje, maana hayo ndiyo yanayokamata mchanga wa safari inayofuata.